Longitudo Iliyopandiwa Miti

Katika kiwanja kidogo kusini mwa Observatoire, kituo cha kutazamia nyota cha Paris, kuna msingi wa sanamu usio na sanamu. Sanamu ya mwanaastronomia François Arago iliyeyushwa mwaka 1942, enzi za ukaliaji wa Wajerumani. Mwaka 1994 msanii Mholanzi Jan Dibbets hakuirudisha. Badala yake alipachika visahani 135 vya shaba, kila kimoja kipana sentimita 12, kimeandikwa ARAGO, kina N upande wa kaskazini na S upande wa kusini. Vingi vimeshaibwa.

Visahani hivyo vinafuata longitudo ya Paris, iliyowekewa alama kwenye eneo la Observatoire Juni 21, 1667, na ambayo kwa Wafaransa ilikuja kuwa sifuri ya ramani.

Mwaka 1792, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, wanaastronomia Delambre na Méchain walitumwa kuipima kutoka Dunkerque hadi Barcelona. Hawakuburuta mnyororo nchi nzima. Walipima ardhini mistari miwili tu ya msingi kwa rula za platini, mmoja karibu na Melun, wenye kilomita zipatazo 12. Kwingineko walipanda minara ya makanisa na vilele vya milima, wakapima pembe. Ukijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, pande mbili zilizobaki unazipata kwa hesabu, nazo zinazaa pembetatu inayofuata. Latitudo walizisoma kwenye nyota.

Wakamaliza mwaka 1798, na hapo ikapatikana mita: sehemu moja kati ya milioni kumi ya safari kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Ilitoka fupi kwa milimita 0.2 hivi, hasa kwa sababu ubapa wa dunia kwenye ncha ulikadiriwa vibaya. Ikaachwa hivyo hivyo, na ndiyo iliyomo kwenye futikamba ya kila fundi.

Longitudo yenyewe ilishindwa. Mwaka 1884, mjini Washington, mataifa yalichagua longitudo ya Greenwich, Uingereza. Ufaransa haikupiga kura upande wowote, ikashikilia saa za Paris hadi 1911.

Kuukaribisha mwaka 2000, msanifu majengo Paul Chemetov alibuni mstari wa miti kutoka Dunkerque hadi milima ya Pyrenees. Julai 14 mwaka huo watu wakaketi wakala pamoja kando ya mstari huo. Naipendelea miti kuliko shaba. Mti haubebeki mfukoni.

Afrika nayo ina mstari wake. Longitudo ya 30 Mashariki, inayopita Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, mwanaastronomia David Gill alipendekeza ipimwe mwaka 1879, na upimaji wake ukakamilika 1954 kwa njia ile ile ya pembetatu. Serikali zetu ziupandie mstari huo miti.