Namba 0413 imeenda wapi?

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi hapa Skuta, Nyeri. Jioni unapitia mauzo kwenye simu: ankara 0412, halafu 0414. Kijana wa kaunta anaapa hajauza kitu hapo katikati. Utamwamini?

Kabla hujamfuta kazi mtoto wa watu, tukueleze kitu kinachotokea sana. Mteja anaitisha saruji mifuko 10. Kijana anabonyeza kitufe cha malipo na programu inachukua 0413 papo hapo. Ombi linafika kwenye simu ya mteja, anakosea PIN, mauzo yanafutwa. Namba hairudi. Hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL zimeundwa hivyo makusudi: hesabu inayojiongeza yenyewe hairudi nyuma, ndio wauzaji wawili wasingojeane. Kwa namba za ndani hiyo ni sawa. Kwa ankara, pengo hilo linafanana kabisa na mauzo yaliyofichwa, na mkaguzi wa KRA ana haki ya kuuliza.

Kitabu cha karatasi kilitushinda hapa, tukubali. Ukikosea unapiga mstari, unaandika "imefutwa", na nakala inabaki kitabuni.

Kwa hivyo mwambie fundi wa programu yako hivi: oda ipewe namba yake mapema, hata ikiruka si neno. Namba ya ankara itoke malipo yakishathibitishwa, na ihifadhiwe pamoja na ankara yenyewe kwa mpigo mmoja. Kimoja kikifeli, vyote virudi. Ndiyo, kaunta ya pili itangoja kidogo, lakini kwa duka la kawaida hakuna atakayeona. Ukiwa na tawi Karatina, lipe mfululizo wake, K-0001, ili mtandao ukipotea huko wasikwame.

Namba ya muamala kwenye SMS haiwezi kufanya kazi hii, kwa sababu haifuatani dukani kwako. Iandike tu kando ya ankara. Na bidhaa ikirudishwa, usifute chochote: ankara ikishaingia eTIMS hurekebishwa kwa kredi noti inayotaja namba ya ile ya kwanza.

Si kila pengo halina hatia. Lakini leo fungua kwanza orodha ya malipo yaliyofeli. Ukikuta ombi lililokwama kati ya 0412 na 0414, kuna kijana wa kuombwa radhi.