Adabu za Kupiga na Kupokea Simu

Mwaka 1876, Alexander Graham Bell alipopewa hati ya uvumbuzi wa simu ya maneno huko Marekani, watu hawakuwa na neno la kuanzia mazungumzo. Bell alipenda neno la mabaharia, «Ahoy»; mvumbuzi mwingine, Thomas Edison, alichagua «Hello», nalo ndilo lililoshinda. Lilipotufikia sisi likawa «Haloo». Lakini desturi ya kutuongoza tulikuwa nayo tangu zamani, nayo ni hodi.

Kupiga simu ni kubisha hodi mlangoni pa mtu. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa hurudi zake, wala hausukumi mlango. Vivyo hivyo, simu isipopokewa, usiipige mara ishirini. Ngoja, au peleka ujumbe mfupi. Tena, yule asiyebisha mlango wa watu usiku wa manane bila shida, asipige simu saa hiyo.

Ukijibiwa, amkia, kisha taja jina lako. Kusema «Ni mimi» hakutoshi, kwa maana asikuonaye uso hana budi kukisia. Halafu uliza, «Je, una nafasi ya kuzungumza?» Kama hana, omba saa nyingine.

Mpokeaji naye ana wajibu wake. Ajibu kwa upole, hata kama aliyepiga amekosea namba: «Samahani, umekosea namba,» yatosha. Akipokea kwa niaba ya mwingine, aandike jina la aliyepiga, saa, na neno lenyewe, kisha amsomee ili kuhakikisha. Ujumbe uliosahauliwa huweza kumkosesha mtu kazi.

Habari za msiba zahitaji uangalifu kupita zote. Tuseme kijana anaendesha lori katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, na nyumbani mama yake amefariki. Atakayemwambia ghafula, naye ameshika usukani, aweza kuongeza msiba juu ya msiba. Kwanza na amwulize, «Uko wapi? Umesimamisha gari? Uko na nani?» Kama yu njiani, amwombe apige simu atakapofika. Lililo bora ni kumpigia ndugu au rafiki aliye karibu naye, ili aende kumwambia uso kwa uso. Wazee wetu hawakupeleka habari ya kifo kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya mto, walimtuma mtu.

Ajali au moto ukitokea, hapa Kenya piga 999 au 112. Hapo salamu ndefu si adabu. Taja kwanza mahali, kwa sababu simu ikikatika, watakaokuja kusaidia watajua pa kwenda. Taja na alama iliyo karibu: shule, soko, au daraja. Kisha eleza lililotokea na idadi ya walioumia, wala usikate mpaka uambiwe. Watoto nao wafundishwe kutoichezea namba hiyo. Wakati wao wanacheka, huenda mwingine anangoja huku nyumba yake inaungua.

Yako mazungumzo ambayo upole hauyapasi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, simu imekuwa pia mfuko wa fedha, na wezi wamejifunza kubisha hodi kwa sauti tamu. Mtu yeyote akikuuliza namba yako ya siri, hata akijiita mkubwa wa kampuni, usimjibu, kata simu. Kumfungia mwizi mlango si utovu wa adabu.

Mwisho, usiondoke bila kuaga. Aliyepiga ndiye aombaye ruhusa ya kwenda, kama mgeni. Na ukizungumza na mzee, mwache yeye akate kwanza. Simu haionyeshi uso wala mkono ulionyoshwa. Sauti peke yake ndiyo inayobeba heshima yako yote.