Injini ya Dizeli Ikikataa Kuwaka, Moshi Utazamwe Kwanza

Wamiliki wa mashine za kusaga, pampu za umwagiliaji na jenereta hupata hasara isiyo ya lazima pale injini ya dizeli inapokataa kuwaka na pampu ya nozeli ikafunguliwa kabla chanzo hakijajulikana. Pampu hiyo ina vipimo vya hali ya juu; ikifunguliwa pasipo vifaa vya kuipimia, huweza kuharibika ilhali ilikuwa nzima.

Injini ya dizeli haihitaji cheche ili kuwaka. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi joto lake likapita nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yanayonyunyizwa na nozeli huwaka yenyewe. Ndiyo maana betri dhaifu, inayozungusha injini polepole, inatosha kuizuia isiwake.

Dalili ya kwanza ni moshi. Ukitoka moshi mweupe wakati starta inazungusha, mafuta yanafika lakini hayaungui. Betri, plagi za kupasha joto na mgandamizo ndivyo vya kuchunguzwa. Usipotoka moshi wowote, yaelekea mafuta hayafiki. Hapo huangaliwa tangi, koki na chujio, kisha upepo.

Upepo huingia injini inapoishiwa mafuta au chujio linapobadilishwa. Katika injini nyingi za zamani, skrubu iliyo juu ya chujio hulegezwa, pampu ya mkono ikabonyezwa hadi mafuta yatoke bila mapovu, ndipo skrubu ikakazwa. Tatizo likijirudia, bomba la kutoka tangini huenda linavuta hewa bila kuvujisha hata tone. Mafundi wengi hulipita hapo.

Injini za kisasa zina hatari ya pekee. Mgandamizo wa mafuta kwenye reli yake huweza kuzidi bar 1,000, na mchirizi wake hupenya ngozi. Mabomba hayo yasilegezwe injini ikizunguka, na aliyejeruhiwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Zipo pia kasoro zinazonunuliwa pamoja na mafuta. Maji hutuama chini ya tangi, na mafuta ya taa yaliyochanganywa hupunguza ulainishaji wa pampu. Uchakachuaji huo ulichangia EWURA kuanzisha uwekaji wa vinasaba mwaka 2010. Mnunuzi adai risiti ya kielektroniki: ndiyo inayoonyesha kituo na siku mafuta yaliponunuliwa.