Diski ya almasi: Mambo ya kukagua kabla ya fundi wa mawe kutoa pesa

FUNDI wa vito akiona msumeno wake wa kukatia mawe unalia lakini hausongi mbele, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba diski ya almasi imekwisha na sharti anunue nyingine. Huenda amekosea. Si ajabu diski kutupwa ingali na uhai wa miezi, na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine isiyolingana na jiwe wala mashine.

Suala hili si dogo kwa mafundi wa maeneo yanayozunguka Soko la Toi, pale Makina, Kibera, na ng'ambo ya Barabara ya Ngong hadi Kawangware. Kibera imejijengea jina kwa mapambo ya mifupa na pembe za ng'ombe, shaba na shanga. Anayetaka kuongeza jiwe kwenye mkufu au pete huhitaji mashine ambayo bei yake ni mtaji mzima. Soko lenyewe lilivurugwa na ghasia za baada ya uchaguzi mapema mwaka 2008, likaungua Machi 2019 na tena Oktoba 2024. Mtu aliyelazimika kuanza upya hana pesa za kununua diski isiyofaa kisha akanunua ya pili.

Kwanza ieleweke kwamba diski hii haina meno. Haikati kama msumeno wa seremala, husaga. Kwenye mzingo wake mna punje ndogo za almasi zilizoshikiliwa na metali, na kila punje hukwangua chembe ya jiwe inapopita. Almasi hizo hutengenezwa viwandani. Wanasayansi wa kampuni ya General Electric ya Marekani walifaulu kuzitengeneza mwaka 1954, na tangu hapo almasi ikawa kifaa cha kazi ambacho hata fundi wa mtaani anaweza kukinunua.

Punje zikichakaa huvunjika au kung'oka, na metali inayozishikilia hulika kidogo ili punje mpya zilizofichika zitokeze. Metali hiyo isipolika, mzingo hubaki laini na kung'aa kama kioo. Almasi imo ndani, ila haiguswi na jiwe. Hapo ndipo fundi hudhani diski imekufa.

Dawa yake ni rahisi: kata mara kadhaa, kwa maji na bila kusukuma kwa nguvu, kwenye tofali jekundu la kuchoma, jiwe la mchanga au kipande cha jiwe kuukuu la kunolea. Mchanga ulio ndani ya vitu hivyo hukwangua metali na kufichua punje. Diski ikianza kukata tena, pesa zimeokolewa.

Diski iliyokwisha kweli huwa na dalili nyingine. Mzingo wake wenye almasi, ambao hupaswa kuwa mnene kidogo kuliko bamba la chuma la katikati, huwa umelingana nalo, hivyo bamba husuguana na jiwe na kubanwa. Nyingine hupinda kama sahani, hata mkato ukatoka kombo. Iliyopinda au yenye ufa haina matengenezo ya nyumbani.

Ikibidi kununua, swali la kwanza lihusu jiwe, wala si bei. Hapa pana kanuni inayowashangaza wengi: jiwe gumu huhitaji diski yenye metali laini, na jiwe laini lenye mchanga huhitaji diski yenye metali ngumu. Jiwe gumu lisilo na chengachenga halilikwangui metali upesi, kwa hiyo metali isipokuwa laini, punje mpya hazitokezi na diski huteleza tu. Jiwe la mchanga nalo hula metali haraka, na metali ikiwa laini almasi hung'oka kabla ya kufanya kazi. Neno "ngumu" kwenye kibandiko laweza basi kumpotosha mnunuzi: lahusu jiwe au lahusu metali? Muuzaji asiyeweza kujibu aachwe na diski yake.

Mawe ya Afrika Mashariki yanaonyesha tofauti hiyo vizuri. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na kulitilia diski ya almasi ni kama kupasua kuni kwa wembe. Msumeno wa kawaida watosha. Tsavoraiti ya Taita Taveta, kito kilichopewa jina la Tsavo mwaka 1974, ina ugumu wa takriban 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi hukalia kilele cha 10.

Gumu zaidi kwa fundi ni lile jiwe la kijani lenye madoa mekundu linalochimbwa Longido, kaskazini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Namanga. Ile kijani ni zoisaiti, yenye ugumu wa kati ya 6 na 7. Yale madoa ni rubi, yenye ugumu wa 9. Diski huenda vizuri kwenye kijani, ikifika kwenye doa hukwama. Fundi akiongeza nguvu mkono, diski nyembamba hupinda hapo hapo. Kwa jiwe kama hili, diski yenye metali laini na mkono mtulivu ndiyo njia ya pekee.

Baada ya jiwe ni umbo la mzingo. Diski zinazojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi zina mapengo makubwa kwenye mzingo, na zimekusudiwa zege na matofali. Mapengo hayo hugonga jiwe na kulibandua pembeni. Kwa vito, mzingo uwe mzima usiokatika, au wenye mikato midogo sana. Diski ya vigae yenye mzingo mzima yaweza kutumika kwa mawe ya bei nafuu, lakini ni nene.

Unene una gharama yake, kwa kuwa kila mkato hugeuza sehemu ya jiwe kuwa tope. Chukua jiwe la milimita 33 linalotakiwa kutoa vipande vya milimita 5. Kwa diski inayokula milimita 1.2, vitapatikana vipande vitano. Kwa inayokula milimita 0.4, vitapatikana sita. Kama kipande hicho cha sita ni cha kito, huenda kikalipa tofauti ya bei ya diski. Hata hivyo, diski nyembamba haisamehi: jiwe likiyumba mkononi, imepinda.

Tundu la katikati ndilo huwakwamisha wanunuzi wengi. Diski za grainda zina tundu la milimita 22.23, ilhali misumeno mingi midogo ya vito ina mhimili wa nusu inchi au inchi 5/8. Pengo hilo lizibwe kwa bushi iliyochongwa barabara. Kipande cha bati au mkanda wa plastiki hakifai, kwani diski ikizunguka kombo hugonga jiwe kila mzunguko.

Kasi nayo ipimwe. Grainda ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski nyembamba ya vito haikuundwa kwa mwendo huo, na kuifunga kwenye grainda ni kujitafutia jeraha. Kiwango cha juu huandikwa kwenye diski, kisipitwe kamwe.

Kuna jambo linalosahaulika kuhusu mashine kuukuu zilizotoka Marekani. Umeme wa huko hupishana mara 60 kwa sekunde, wa Kenya mara 50. Transfoma hushusha volti, lakini haigusi idadi hiyo. Mota ya kawaida iliyokuwa ikizunguka mara 1,725 kwa dakika hushuka hadi karibu 1,430, na yaweza kupata joto kupita kiasi. Diski mpya italaumiwa kwa uvivu usio wake. Puli za ukubwa mwingine hurekebisha mwendo, japo joto la mota libaki kuangaliwa.

Juu ya yote hayo, pasiwe na kukata kikavu. Joto huharibu diski, lakini mapafu ndiyo huumia zaidi. Vumbi la mawe yenye silika, kama vile akiki na kwazi, husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuponya. Katika kibanda cha mabati kinachopakana na vingine, vumbi hilo humfikia jirani na mtoto wake. Maji hulituliza, mradi mota na nyaya ziwe mbali nayo. Dizeli na mafuta ya taa, ambayo wengine huyatumia kama kipozeo, hutoa mvuke unaoshika moto. Katika soko lililoungua kama Toi, hilo halihitaji maelezo.

Wanaokata mifupa, pembe na shaba wasishawishike na neno almasi. Shaba huziba mzingo, na mfupa hukatika vizuri zaidi kwa msumeno wa chuma wenye meno.

Anayetaka diski iliyotumika aikague kwa jicho lile lile ambalo mteja wa Toi hugeuzia shati ndani nje kutazama mishono. Ailaze juu ya kioo aone kama inayumba. Apitishe ukucha kutoka kwenye bamba hadi kwenye mzingo, ahisi kama kuna kidaraja. Kisipokuwepo, hakuna alichonunua. Atazame pia kama tundu limeliwa likawa yai.

Nyumbani, diski ifungwe kwa kufuata mshale, vibano vya pande zote mbili viwe vya ukubwa mmoja na visafi, kisha izungushwe kwa mkono kabla ya umeme. Mikato ya kwanza iwe kwenye lile tofali jekundu. Jioni maji yamwagwe, maana diski ikilala ndani yake, asubuhi itakutwa na kutu upande mmoja.