Mtoto Asomeshwe Nyumbani au Apelekwe Shule?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani pamoja na mumewe. Wana mtoto mmoja wa kiume, ametimiza miaka 5, na Januari ijayo yampasa kuingia gredi ya 1 hapa kwetu Mombasa. Mpwa wangu akasema: "Mjomba, nimeazimia kumsomesha mwanangu mwenyewe, nyumbani. Tumekuja kutaka shauri lako na dua yako." Mumewe alikuwa akitazama chini. Nikafahamu kwamba shauri lao halijawa moja.

Nikamwuliza sababu, naye akanitajia tatu. Ya kwanza, mtoto wao ni mzito wa kusema. Alipokuwa chekechea wenziwe walimcheka, hata ikawa asubuhi akiviona viatu hulia. Ya pili, mtoto akitoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri, Kurani ataisoma saa ngapi? Ya tatu, matusi na tabia mbovu ambazo watoto huziokota kwa wenzao. Tena ana jamaa zake wakaao Uingereza, nao wamempigia simu kumwambia kuwa wao huwasomesha watoto wao nyumbani na mambo yamewatengenekea.

Ndugu wasomaji, sababu hizi si za kupuuzwa, wala mzazi mwenye kuyafikiri haya si mjinga. Mimi ni mwalimu wa chuo kwa zaidi ya miaka 30. Kila siku baada ya Alasiri huwaona watoto waliokwisha shinda shule wakiniingilia na macho mazito, na mdogo wao hulala juu ya juzuu yake. Zamani nilikuwa nikimwamsha kwa bakora. Siku hizi humwacha alale robo saa, na akiamka husoma vizuri kuliko wenziwe. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni yafaa apewe nafasi ya kucheza mchezo mwema, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumlemea masomo daima huufisha moyo wake. Naye Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, ametuonya kwamba ukali wa mwalimu humfundisha mtoto uwongo na hila. Basi malalamiko mengine ya mpwa wangu yalikuwa yanielekea mimi mwenyewe na walimu wenzangu.

NYUMBA NI CHUO CHA KWANZA

Hapana shaka kwamba malezi huanza nyumbani. Katika Surat Luqman, aya ya 13 hadi ya 19, twamwona baba akimsomesha mwanawe: asimshirikishe Mungu, asimamishe sala, asubiri juu ya yanayomsibu, asitembee kwa majivuno, ainamishe sauti yake. Masomo haya hayana shule iwezayo kuyafundisha badala ya mzazi.

Lakini tuwatazame na mama za maimamu wetu. Imepokewa kwamba mama yake Imam Malik alimvika mwanawe nguo nzuri na kilemba, kisha akamwambia aende kwa Rabia akajifunze adabu zake kabla ya elimu yake. Mama yake Imam Shafii alikuwa na yatima wa kulea huko Makka, wala hakuwa na kitu cha kumlipa mwalimu. Hata hivyo alimpeleka chuoni, na mwalimu akaridhika mtoto awaangalie wenziwe badala ya malipo. Mama hawa hawakusema, "Nyumba yatosha," wala hawakusema, "Mwalimu atosha." Walimtengeneza mtoto kwa mkono mmoja, wakamtoa nje kwa mkono wa pili.

KOSA LANGU MIMI

Nikamwambia mpwa wangu: "Mwanangu, hili unalolitaka nimelifanya, nawe hulijui kwa kuwa nililificha." Mwaka 2009 nilimtoa shule kitindamimba changu, akiwa na miaka 8. Nilijiona kuwa mtu niliyesomesha watoto wa watu 40 kwa mara moja hawezi kushindwa na wake mmoja. Sikumwuliza mtu, wala sheria yasemaje sikuiuliza.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha likatokea tanga, nikaenda, ikatokea arusi, wakaja wageni kutoka Lamu. Mamake akiwa na haja ya dukani humtuma yeye, kwa kuwa ndiye aliyepo. Hata ilipofika Ramadhani, masomo yalikuwa ni siku mbili kwa juma.

Siku moja nalikuwa nikiwasomesha watu wazima mirathi, na mtoto amekaa kando. Nikasema: maiti ameacha mke, mama na mwana wa kiume, mke ana thumni, mama ana sudusi, kilichobaki ni cha mwana, basi mali igawanywe mafungu 24: mke 3, mama 4, mwana 17. Mtoto akauliza: "Baba, 8 na 6 si ni 14? Hiyo 24 yatoka wapi?" Nikamjibu: "Ndivyo tulivyofundishwa." Watu wakacheka, naye akanyamaza. Usiku ule sikupata usingizi. Shule yangu mimi ilikoma darasa la 7, na hesabu ile naliijua kwa kuihifadhi, si kwa kuifahamu. Nikaona kwamba mwanangu nampimia elimu kwa kibaba changu mwenyewe, na kibaba kikijaa, basi.

Nilimrudisha shule baada ya mwaka na nusu. Akawekwa nyuma ya wenziwe kwa darasa moja, nao walikuwa wakimpita njiani na kumtania. Kosa lilikuwa langu. Malipo yake aliyalipa yeye.

SHERIA NA MASWALI MANNE

Jamaa walio Uingereza hawakusema uwongo, kwani sheria ya kule yamruhusu mzazi kumsomesha mtoto pasipo shule. Lakini kila nchi na sheria yake. Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimisha mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake ahudhuria shule, na mwenye kuihalifu aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwetu si jambo la kuamuliwa na mume na mke chumbani peke yao.

Hata ambapo sheria yaruhusu, yapo maswali manne ya kujibiwa kwanza. Ni nani atakayekaa na mtoto kila siku, kwa saa ile ile? Akiugua au akizaa, nani atashika mahali pake? Elimu asiyoijua yeye, mtoto ataipata wapi? Na mtoto atacheza na nani?

Mume ndipo aliposema: "Mjomba, mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda bandarini. Yeye huamka saa tisa kukanda mahamri ya kuuza. Hilo ndilo ninalomwambia." Mpwa wangu alikaa kimya muda, kisha machozi yakamtoka. Akasema: "Basi, Mjomba, nimrudishe wakamcheke tena?"

Nikamwambia: "La, usimpeleke ukamwacha. Nenda wewe kabla ya Januari, uonane na mwalimu wake uso kwa uso. Mweleze uzito wa ulimi wa mtoto, umwombe amweke mbele, na umwulize ni wapi apate kutazamwa masikio yake, kwani huenda hasikii vizuri. Ukiona mwalimu hakujali, tafuta shule nyingine. Ama Kurani, siku za shule usimlete kwangu akiwa hoi. Mlete Jumamosi na Jumapili asubuhi, mwili ukiwa umepumzika. Siku nyingine, baada ya Magharibi, kaa naye wewe mwenyewe robo saa, umsikilize aya chache."

Akanitazama, akauliza: "Na ada ya chuo?" Nikamjibu kwamba kwa mtoto huyu sitaki ada, nataka ile robo saa tu.

Wameondoka wakiwa na shauri moja. Mtoto ataingia shule Januari, inshallah, na mama amekwisha kuanza ile robo saa. Kama watoto watamcheka tena, hilo liko mbele yetu, nasi hatutamwacha peke yake.

Kwa walimu wenzangu wa vyuo nina neno: tuzitazame saa zetu. Tusiwe sisi tunaowafanya wazazi wachague baina ya Kurani na shule, ilhali mtoto ahitaji vyote viwili, na usingizi wake pia.

Mwenyezi Mungu atutengenezee vizazi vyetu, na atusamehe tuliyowakosea. Amin.