Mali Bila Daftari: Vitabu Vyote Katika Mfumo Mmoja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: leja, bohari, mfumo, wingu. Yasomeni pamoja kwa sauti, halafu tuendelee.

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mnajua kwa nini watu huweka daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini je, madaftari yakiwa mengi mno, mali haiwezi kupotea vile vile? Inaweza. Hilo ndilo jambo la somo letu.

Tuseme kuna chama cha ushirika chenye wanachama 500. Mtunza bohari ana leja yake. Mweka hazina ana leja yake. Karani wa mishahara ana yake, na karani wa manunuzi ana yake. Siku moja mtunza bohari anasema amepokea magunia 100 ya mbolea. Leja ya mweka hazina inaonyesha kwamba chama kimelipia magunia 120. Nani anasema kweli? Pengine magunia 20 bado yako njiani. Pengine yameibwa. Pengine karani alikosea kuandika. Kazi ya kuutafuta ukweli huo itachukua siku nyingi, maana kila mmoja anaandika peke yake na kwa njia yake.

Ili kuondoa taabu hiyo, mashirika makubwa hutumia mfumo mmoja wa kompyuta kwa kazi zote: fedha, bohari, manunuzi na mishahara. Kila jambo huandikwa mara moja tu, na wote wanaohusika huliona. Karani wa manunuzi anaandika kwamba ameagiza magunia 120. Mtunza bohari anaandika kwamba amepokea 100. Mwuzaji analeta ankara ya magunia 120. Mfumo unalinganisha hati hizo tatu. Ukiona hazipatani, unazuia malipo mpaka mtu mwenye madaraka aeleze sababu. Basi wizi au kosa huonekana kabla fedha hazijatoka.

Wingu ni nini?

Zamani shirika lililotaka mfumo wa namna hii lilinunua mitambo yake na kuiweka katika chumba chake. Siku hizi mashirika mengi hukodi. Kompyuta zinazotunza hesabu ziko katika majengo makubwa ya mbali, pengine hata nchi nyingine, na makarani huzifikia kwa njia ya intaneti. Watu huziita wingu. Msidhani ni wingu la mvua. Ni mashine za kweli, zenye umeme na walinzi.

Kukodi wingu ni kama kupanga nyumba. Mpangaji analipa kodi, na mwenye nyumba anatengeneza paa na mabomba. Hiyo ni faida. Lakini mpangaji hawezi kubomoa ukuta apendavyo, kwa sababu nyumba ni moja na wapangaji ni wengi. Mwenye mfumo huubadilisha mara kwa mara kwa ajili ya wapangaji wote. Anayejijengea vibanda vyake pembeni atapata kazi ya kuvitengeneza kila mfumo unapobadilika.

Kuupanga mfumo

Mfumo ukikodiwa leo, hauanzi kazi kesho. Kwanza lazima upangwe ulingane na shirika. Kuna mambo manne ya kupanga.

Jambo la kwanza ni namba za hesabu. Kila aina ya mapato na matumizi hupewa namba yake: mishahara namba moja, mafuta ya gari namba nyingine, na kadhalika. Shirika zima hutumia namba hizo hizo.

Jambo la pili ni madaraka. Ni nani aandike, nani aidhinishe, nani alipe? Mtu anayeandika jina la mwuzaji mpya asiwe ndiye anayemlipa. Akifanya yote mawili, anaweza kuandika mwuzaji asiyekuwapo na kujilipa mwenyewe.

Jambo la tatu ni kusafisha habari za zamani. Katika madaftari ya miaka mingi, mwuzaji mmoja huandikwa mara tatu kwa tahajia tatu. Mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi bado yumo katika orodha ya mishahara. Uchafu huo ukihamishwa, utakuwa uchafu ule ule ndani ya mashine. Kompyuta hujumlisha haraka, lakini haijui kwamba watu watatu walioandikwa ni mtu mmoja.

Jambo la nne ni kujaribu na kufundisha. Mishahara ya mwezi mmoja au miwili ihesabiwe kwa njia ya zamani na kwa mfumo mpya pamoja. Majibu yakitofautiana hata kwa shilingi moja, sababu itafutwe. Na makarani wafundishwe kwa kazi yao wenyewe, kabla ya siku ya kuhama. Methali inatuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mambo ya Birmingham

Sasa twende Uingereza, tuone jinsi mambo hayo manne yalivyo na uzito. Birmingham ni mji wenye watu zaidi ya milioni moja. Halmashauri yake ni miongoni mwa serikali za mitaa zilizo kubwa kabisa katika Ulaya. Hulipa wafanyakazi wengi, huzoa taka, huangalia wazee na watoto wasio na walezi.

Tangu mwaka 1999 halmashauri hiyo ilitumia mfumo wa hesabu uitwao SAP. Baadaye ikaamua kuhamia katika mfumo wa wingu wa kampuni ya Marekani iitwayo Oracle. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu paundi milioni 20. Nia ilikuwa njema, na shauri la mwanzo lilikuwa kuutumia mfumo kama ulivyotengenezwa, na kubadili desturi za kazi zifuate mfumo.

Lakini desturi za zamani ni nguvu. Badala ya kubadili mazoea yao, watu walitaka mfumo ubadilishwe ufuate mazoea. Nyongeza zikajengwa. Mojawapo ilihusu kulinganisha hesabu za halmashauri na hesabu za benki, nayo ni kazi ya lazima katika kila ofisi ya fedha. Siku ya kuhama iliahirishwa zaidi ya mara moja. Mwishowe mfumo ukaanza kazi Aprili 2022, mwanzoni mwa mwaka wa fedha wa Uingereza.

Nini kilitokea? Fedha ziliingia benki, lakini mfumo haukuweza kuziweka sawasawa katika hesabu zilizohusika. Makarani wakarudia kuzipanga kwa mikono. Halmashauri ikashindwa kujua vema ina fedha kiasi gani na imetumia kiasi gani, na hesabu za mwaka hazikuweza kufungwa kama ilivyotakiwa. Makadirio ya gharama za mfumo nayo yakapanda mpaka yakapita paundi milioni 100.

Septemba 2023 halmashauri ilitoa tangazo la kisheria kwamba fedha zake hazitoshi kwa matumizi yake. Lazima tuseme kweli hapa: sababu kubwa ya tangazo lile ilikuwa deni la madai ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliolipwa pungufu kuliko wanaume wenye kazi ya thamani ile ile. Mfumo haukuleta deni hilo. Lakini taabu ya mfumo ilitajwa pia, na mwenye deni asiyeweza kusoma daftari lake yumo hatarini mara mbili. Mwaka 2024 wakazi wa mji waliongezewa kodi ya halmashauri kwa karibu asilimia 10, na huduma nyingi zikapunguzwa. Mama wa nyumbani asiyejua neno lolote la kompyuta alilipa zaidi.

Halmashauri iliamua baadaye kuanza upya kwa mfumo ule ule wa Oracle, safari hii ukiwa kama ulivyotengenezwa, bila viraka vingi. Maana yake, ilirudi kwenye shauri lake la mwanzo baada ya kulipa gharama kubwa. Wangebadili desturi ya kazi kwanza, wangeokoa fedha nyingi na miaka.

Yawahusu nini?

Pengine mtasema, hayo ni ya wakubwa wa Ulaya. La. Wengi wenu ni wanachama wa ushirika, au wa vyama vya kuweka na kukopa, au wajumbe wa kamati za shule. Siku moja mtaletewa shauri katika mkutano: tununue mfumo, utamaliza matatizo yetu yote. Mtaombwa mnyoshe mikono. Msiogope kwa sababu ya maneno mageni. Simameni mwulize maswali haya manne:

1. Je, madaftari yetu ya sasa yamesafishwa, na bohari imehesabiwa?
2. Je, tutafuata njia ya mfumo, au tutalipa ili upindwe ufuate mazoea yetu?
3. Je, ni nani ataandika, nani ataidhinisha, na nani atalipa?
4. Je, utajaribiwa kwa muda gani pamoja na leja ya zamani, na makarani watafundishwa lini?

Wakijibu vizuri, nyosheni mikono kwa moyo mweupe. Wakishindwa kujibu, shauri lingoje mkutano ujao. Fedha ni zenu, na anayeuliza hapotezi kitu.

Kazi ya darasani

Andikeni majina ya madaftari yote yanayotumika katika chama chenu au shule yenu. Mbele ya kila daftari andikeni ni nani anayeliandika, na ni nani anayelikagua. Mkiona mahali ambapo mtu mmoja anafanya kazi zote mbili, pigeni mstari chini yake na mjadiliane.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.