Bamia za Bustanini: Tahadhari ya Viuatilifu kwa Zao Linalochumwa Kila Baada ya Siku Mbili

Bamia ni miongoni mwa mboga zinazofaa zaidi kwa bustani ya nyumbani katika maeneo yenye joto nchini, kwa kuwa hustahimili jua kali na huanza kuzaa takribani miezi miwili baada ya kupandwa. Hata hivyo, zao hili lina tabia inayomtaka mkulima kuwa makini kuliko anavyokuwa kwa mahindi au maharage: likishaanza kuzaa, huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu.

Tabia hiyo ndiyo chanzo cha hatari. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa huwa na kibandiko kinachoeleza idadi ya siku ambazo lazima zipite kati ya kunyunyizia na kuvuna. Iwapo kibandiko kinataka siku 7, bamia zinazokomaa ndani ya siku hizo hazifai kuliwa wala kuuzwa. Zichumwe na kufukiwa, kwani zikiachwa hukomaa na kuwa na nyuzi, na mmea hupunguza kuzaa. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko kuipikia familia mboga yenye sumu.

Wakazi wa mikoa inayolima pamba, ikiwemo Simiyu na Shinyanga, wanapaswa kulizingatia zaidi jambo hili. Bamia na pamba ni mimea ya jamii moja na hushambuliwa na wadudu wale wale, wakiwemo vidukari, nzi weupe na funza wa vitumba. Kufanana huko hakuhalalishi dawa iliyobaki shambani kupelekwa bustanini. Kiuatilifu hutumika kwa zao lililotajwa kwenye kibandiko pekee, na usajili wake husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Kwa bustani yenye mashina machache, mara nyingi dawa haihitajiki kabisa. Vidukari hukaa chini ya majani na huweza kuondolewa kwa maji yanayorushwa kwa nguvu, au kwa kukata majani yaliyoathirika. Funza huokotwa kwa mkono asubuhi, na tunda lililotobolewa huondolewa bustanini.

Upandaji wenyewe si mgumu. Mbegu hulowekwa usiku mmoja, kisha hupandwa mbili au tatu kwa kila shimo lenye kina cha sentimita 2 hadi 3, katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nafasi ya sentimita 30 kati ya mashina na 60 kati ya mistari hutosha. Miche ikifikia urefu wa kiganja, huachwa mmoja wenye afya.

Bamia huchumwa zikiwa laini, zenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, kwa kisu au mkasi. Wenye ngozi inayowashwa na vinyweleo vyake wavae glavu.